Kibuyu cha Sita

Mwalimu Selina Shimba alikuwa na vibuyu vitano, na kila kibuyu kilikuwa mtawala. Alivitunza ndani ya kabati la darasa la saba katika shule yetu ya msingi pale Kamanga, juu kidogo ya gati la kivuko kinachovuka kutoka Mwanza mjini. Kibuyu kikubwa chenye shingo ndefu kilikuwa Mkwawa wa Wahehe. Chenye doa la moto ubavuni kilikuwa Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya ngome yake. Kidogo kuliko vyote kilikuwa Meli wa Moshi, aliyerithi utawala akiwa bado kijana. Cheusi kilikuwa Machemba wa Wayao, na chenye tumbo pana kilikuwa Kabalega wa Bunyoro, kule kaskazini ya ziwa letu. Wote watano waliwapinga Wazungu, na kila mwaka mwezi wa Julai Mwalimu Selina aliwatoa kabatini ili darasa la saba liwalinganishe.

Naandika habari zake kwa sababu mimi ni mmoja wa waliowalinganisha. Nimesoma historia hadi chuo kikuu, na sijapata mwalimu mwingine aliyefundisha kwa wivu namna ile.

Vibuyu hivyo zamani vilikuwa manyanga ya kutikisa ngomani. Baba yake, Mzee Shimba wa Magu, alikuwa manju, yaani mtunzi na kiongozi wa nyimbo, katika ngoma ya Wagika. Kwa asiyejua mambo ya Usukumani: kuna Wagika na kuna Wagalu, na baada ya mavuno vikundi viwili hukutana katika uwanja mmoja na kucheza wakati mmoja, hawa huku, wale kule. Watazamaji ndio waamuzi. Huenda wanakovutwa, hurudi, huhama tena, na kikundi chenye watu wengi mwisho wa mchezo ndicho kilichoshinda. Selina alikua akitazama migongo ya watu. Tangu utotoni, alisema, hakuna kilichomuumiza kama kuona mtu aliyekuwa anamtazama baba yake akigeuka na kuelekea upande wa pili.

Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwa manju. Alikwenda shule, akawa mwalimu mwaka 1972, na baba yake alipofariki hakuomba ng'ombe wala shamba. Aliomba manyanga.

Kanuni yake ya kulinganisha ilikuwa hivi. Kila kibuyu kilianza kikiwa kitupu. Tuliweka punje moja ya mahindi kwa kila mwaka ambao mtawala alipigana. Tuliweka harage moja kwa kila mara jeshi lake lilipolishinda jeshi la Wazungu. Na aliyekataa kukamatwa akiwa hai alipata kijiwe kimoja cha ufukweni. Kisha Mwalimu Selina aliziba mdomo wa kibuyu kwa gunzi, tukafumba macho, akatikisa. Kila mtawala alikuwa na mlio wake. Mkwawa alilia kwa uzito, kwa sababu ya punje zake saba, harage la Lugalo na kile kijiwe.

Kelele zilianza tulipofika kwa Machemba.

"Machemba ana punje tisa, mwalimu! Amempita Mkwawa!"

"Hana kijiwe. Alikimbilia Msumbiji."

"Kukimbia si kukamatwa. Sema alikamatwa na nani?"

"Mwalimu, mpe nusu ya kijiwe!"

"Nikivunja jiwe kila nusu itakuwa jiwe zima," alijibu Mwalimu Selina. "Nyie mnataka Machemba aondoke na mawili?"

Tulipenda somo lile kuliko mpira. Wapiga debe wa kivukoni walikuja kusimama dirishani. Yeye aliwaona, akajifanya hawaoni, akapaza sauti.

Mwezi wa Januari mwaka 1993 aliletwa Mwalimu Mutayoba. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba kutoka Muleba, na kabla ya hapo alikuwa amefundisha miaka mitatu Songea. Mashati yake yalikuwa ya mitumba kama ya watu wengine, lakini yalipigwa pasi mpaka yakaonekana ya dukani. Alisoma gazeti tangu ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Alipewa kufundisha historia darasa la saba B. Mwalimu Selina alibaki na saba A.

Ukuta uliotenganisha madarasa hayo mawili haukufika kwenye bati. Mafundi waliujenga mpaka saruji ikaisha, na nafasi iliyobaki juu ilitosha kupitisha mpira. Ilipitisha kila kitu. Siku ya pili ya muhula, Mwalimu Selina akiwa katikati ya sentensi kuhusu biashara ya pembe za ndovu, saba B walicheka. Alinyamaza, akasubiri, akaendelea. Walicheka tena. Wiki ya pili alianza kutupa kazi ya kuandika ili asikilize vizuri, na kila walipocheka kule, huku yeye aliweka alama ndogo ya chaki pembeni ya ubao.

"Shikamoo, mama," Mutayoba alimsalimia siku moja ofisini, walimu wote wakiwepo.

"Marahaba. Leo mmecheka mara kumi na moja."

"Kumbe unatuhesabu?"

"Ukuta ndio unaohesabu. Mimi nafundisha."

"Basi uambie ukuta nao ucheke. Hautozwi ushuru."

Walimu walicheka, na Mwalimu Selina akajua kwamba hiyo ilikuwa mara ya kumi na mbili.

"Nyie Wahaya bwana," alisema, "mnazaliwa na kalamu mkononi, mkunga anabaki kutafuta karatasi."

"Na nyie Wasukuma mnazaliwa na njuga miguuni. Mkunga anakimbia akidhani ng'ombe wamevunja zizi."

Ulikuwa utani tu, na kila mtu aliuchukua kama utani. Lakini alipofika nyumbani alimweleza mumewe, Masele, mkulima wa pamba, neno kwa neno, mara mbili.

"Mama Kija," Masele alimwambia, maana mtoto wao wa kwanza alikuwa Kija, "huyo kijana amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Sasa?"

"Ndiyo shida yenyewe. Angenikosea, ningepumua."

Niseme wazi kwamba Mutayoba alikuwa mwalimu mzuri. Hakuwa na vibuyu. Alichora ramani ya nchi sakafuni kwa majivu ya jikoni, akawasimamisha wanafunzi juu yake, huyu Iringa, huyu Tabora, huyu Kilwa, kisha akauliza: "Wewe wa Iringa, umesikia bunduki za wa Tabora? Hujasikia? Basi ndiyo maana tulishindwa. Kila mtu alipigana peke yake." Wanafunzi wake walikuja kutusimulia wakati wa mapumziko, nasi tuliomba tuingie tusimame japo Dodoma. Mwalimu Selina alituona kupitia dirishani, tumejipanga mlangoni kwa mwenzake. Aliona migongo yetu.

Miaka hiyo viwanda vya minofu ya sangara vilikuwa vinafunguliwa Mwanza kimoja baada ya kingine, na familia nyingi za Kamanga zilihamia ng'ambo kutafuta kazi. Kufikia Julai saba A tulikuwa ishirini na wawili na saba B kumi na tisa. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ngosha, aliwaita wote wawili ofisini. Madarasa yataunganishwa, alisema. Historia ya darasa la saba itahitaji mwalimu mmoja tu. Mwingine atakwenda darasa la tatu.

"Na mwenye cheti cha juu zaidi ni Mutayoba," alimalizia, akitazama meza.

Mwalimu Selina alikuwa amefundisha darasa la saba miaka kumi na minane mfululizo. Darasa la saba ndilo lililokuwa na Julai. Ndilo lililokuwa na watawala. Katika darasa la tatu watoto walijifunza majina ya viongozi wa kijiji.

"Mwalimu mkuu," alisema, "wewe ni mtu wa Wagalu, sivyo?"

"Baba yangu alikuwa Mgalu. Kwa nini?"

"Jumamosi ni siku ya wazazi. Pale uwanjani, mweke huyu kwenye goli la barabarani, mimi niweke kwenye goli la ziwani. Tufundishe somo moja, saa ile ile. Watu waende wanakotaka. Kipyenga cha mwisho kikilia, mwenye watu achukue darasa."

Mwalimu Ngosha alikuna kidevu, na tabasamu lilimtoka kabla hajalizuia. Mutayoba aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Mwalimu mkuu, mimi sijui kucheza ngoma."

"Hutacheza. Utafundisha."

"Na kama sikubali?"

"Kijana," alisema Mwalimu Ngosha, "huyu ni binti wa Shimba. Ukikataa umeshashindwa, na mji mzima utajua kabla kivuko hakijarudi."

Somo liliandikwa ubaoni ofisini: Watawala waliopinga ukoloni, walinganishe.

Siku ya Alhamisi walimu walikusanya maandalio yao ya masomo ili mwalimu mkuu ayatie saini. Mwalimu Selina alikwenda kuweka daftari lake juu ya meza na kukuta ofisi haina mtu. Daftari la Mutayoba lilikuwa juu ya mengine. Alilifungua. Hakujitetea kamwe kuhusu jambo hilo alipolisimulia. Alisema, "Nilifungua," basi.

Kwenye ukurasa wa Jumamosi aliwakuta Mkwawa, Isike na wengine aliowazoea. Mwisho kabisa palikuwa na mistari michache, imepigiwa mstari kwa wino mwekundu:

Nkomanile, mtawala wa Kitanda, Ungoni. Mwanamke. Vita vya Maji Maji. Alinyongwa Songea, Februari 1906, pamoja na wanaume. Tazama daftari la Songea.

Daftari la Songea halikuwepo mezani.

Alisoma mara tatu. Miaka kumi na minane alikuwa amewatikisa watawala, na wote walikuwa wanaume, wala hakuwahi kujiuliza. Sasa kijana wa juzi, mwanamume, alikuwa naye mwanamke mfukoni, amemleta kutoka Songea, na Jumamosi angemtoa mbele ya akina mama wote wa Kamanga. Wivu aliokuwa nao juu ya vicheko vya saba B ulionekana mchezo wa watoto. Alijihisi kama mtu aliyefika nyumbani na kumkuta mgeni ameketi katika kiti kizuri, ndipo anaambiwa kwamba kiti hicho siku zote kilikuwa chake yeye mwenye nyumba.

Katika ngoma za kwao kuna kosa moja lisilosahaulika, nalo ni kuiba wimbo. Mwaka 1958 manju wa upande wa pili aliuimba wimbo mpya wa Mzee Shimba kabla mwenyewe hajaufungua, na uwanja wote ukahama. Mzee Shimba alimtaja mtu huyo kwa jina la mwizi hadi siku anakufa, na binti yake alilijua jina hilo kabla hajajua kusoma.

Ijumaa alichukua kibuyu cha kusukia maziwa, akaenda nacho ziwani, akakisugua kwa mchanga mpaka harufu ya samli ikatoka. Masele alimkuta akikianika.

"Huyo naye nani?"

"Mwanamke."

"Hatimaye," alisema Masele, akapita kwenda shambani.

Jumamosi saa tisa alasiri uwanja wa shule ulijaa. Walikuja wazazi, wakulima waliokwisha kuuza pamba, abiria walioamua kusubiri kivuko kinachofuata, na wanawake wa dagaa na karai zao. Alikuwepo Mzee Masalu, aliyewahi kupiga ngoma pamoja na Mzee Shimba, na ambaye tangu kifo cha mwenzake alijipa kazi ya kulalamikia ngoma zote za siku hizi. Mwalimu Ngosha alipuliza kipyenga, na walimu wawili wakaanza kufundisha kutoka magoli mawili.

Mwanzoni watu walikuwa wetu. Mwalimu Selina alikuwa amevaa njuga mguu mmoja, na kila alipomaliza mtawala alipiga mguu chini. Alimjaza Mkwawa, akamtikisa, watu wakaitikia. Alimjaza Isike. Lakini upande wa barabara Mutayoba alikuwa amemwaga ndoo nzima ya majivu, na ramani yake ilikuwa kubwa kiasi cha watu wazima kusimama juu yake. Alimkamata kuli mmoja wa kivukoni akamweka Moshi. Alimkamata kasisi akamweka Bagamoyo.

"Baba, wewe Bagamoyo umewaona Wajerumani wanashuka. Utawaambia nini Wahehe?"

"Niwaambie nini, nami nimekuja na meli hiyo hiyo?" alijibu kasisi, na kicheko kilichotoka hapo kilivuka uwanja.

Watu walianza kuchungulia. Kisha wakaanza kwenda. Elias, kiranja wetu wa saba A, alikwenda akijifanya anafuata maji ya kunywa. Mwalimu Selina aliendelea kumjaza Meli, lakini alikuwa anahesabu. Aliona mgongo wa Elias. Aliona mgongo wa mkwe wake. Aliona mgongo wa Mwalimu Ngosha mwenyewe, na kipyenga chake kikining'inia.

Machemba hakumfikia. Alikiacha kibuyu cheusi chini, akainua kile kipya juu ya kichwa kwa mikono miwili.

"Nimewaonyesha wanaume!" alipiga kelele. "Nani kati yenu anamjua mwanamke? Nani anamjua Nkomanile?"

Jina lilifika upande wa pili. Nilikuwa njiani, nusu ya uwanja, nikiwa nami nimeanza kuhama, naona aibu kusema. Nikamwona Mutayoba akinyanyua kichwa, majivu mkononi. Kwanza waligeuka wanawake. Suzana muuza dagaa alikuja akikimbia na karai lake, wengine nyuma yake, kisha wanaume wakafuata kwa sababu wanawake wamekwenda, na wanafunzi tukafuata kwa sababu ilikuwa mbio. Katika dakika chache goli la barabarani lilibaki na ramani, na mwalimu mmoja aliyechuchumaa juu yake, pale Songea.

Mwalimu Selina alikuwa na uwanja mzima. Alisema kwamba Nkomanile alikuwa mtawala wa Kitanda, Ungoni. Alisema kwamba aliwapinga Wajerumani wakati wa Maji Maji. Alisema kwamba walimnyonga Songea, Februari mwaka 1906, pamoja na wanaume. Watu waliguna kwa kila sentensi. Halafu sentensi zikaisha.

"Alikuwa na watoto?" aliuliza Suzana.

Mwalimu Selina alimtazama.

"Mumewe alikuwa nani?" aliuliza mwingine.

"Alipigana miaka mingapi, mwalimu? Tuweke punje ngapi?" Huyo alikuwa Elias, amesharudi mstari wa mbele, mkono umejaa mahindi.

"Mtikise basi tumsikie," alisema Mzee Masalu. "Mwaka huu kila kitu ni maneno tu."

Alikitikisa. Kibuyu hakikulia. Mtu mmoja nyuma alicheka kidogo.

Nilikuja kumwuliza, miaka mingi baadaye, kwa nini hakumimina tu. Mahindi yalikuwepo. Angetia punje tatu au kumi, nani angejua? "Yeye angejua," alinijibu. "Alikuwa amekaa kule anajua idadi, na mimi nimesimama hapa sijui. Nilimwonea wivu kwa hilo kuliko watu wote wa uwanja ule."

Alishusha kibuyu.

"Wimbo huu nimeuiba," alisema kwa Kisukuma, kisha akarudia kwa Kiswahili ili abiria wa kivuko waelewe. "Nimeutoa kwenye daftari la Mwalimu Mutayoba. Mwenye punje ni yule."

"Ng'wana Shimba!" alisema Mzee Masalu, akimwita kwa jina la baba yake, akashika kichwa kama mtu aliyeambiwa habari za msiba.

Mwalimu Selina hakungoja. Alianza kutembea kuelekea goli la barabarani, njuga zikilia mguu mmoja, kibuyu kifuani. Nani angebaki? Watu wote walimfuata. Hakugeuka nyuma hata mara moja.

Alisimama pembeni ya ramani.

"Mjaze," alimwambia Mutayoba.

Mutayoba alisimama, akajifuta majivu kwenye suruali yake iliyopigwa pasi. Uso wake ulikuwa umekasirika, na hilo, alisema Mwalimu Selina, lilimpa yeye nafuu kidogo.

"Mama, si ungeniuliza tu?"

"Ningekuuliza, ungenijibu. Nisingeweza kuvumilia."

Mutayoba alichukua mahindi kutoka mkononi mwa Elias, akayatazama.

"Kanuni yako ni punje moja kwa kila mwaka," alisema. "Ungoni waliingia vitani mwezi wa Septemba. Februari ameshanyongwa. Hakutimiza hata mwaka mmoja."

"Maharage?"

"Sijapata mahali palipoandikwa kwamba jeshi lake lilishinda."

"Kijiwe?"

"Walimkamata."

Mwalimu Selina alikitazama kibuyu. "Kwa hiyo kwa kanuni yangu ni kitupu."

"Kwa kanuni yako, ndiyo, mama."

"Sasa wewe mstari mwekundu uliupiga wa nini?"

Hapo Mutayoba akasahau hasira, kama walimu wanavyosahau. Alieleza kwamba mjumbe aliyeileta dawa ya maji Ungoni alipokelewa na Nkomanile, na kwamba kupitia kwake habari ile ikawafikia watawala wengine. "Mkwawa alipigana miaka saba akiwa na Wahehe," alisema. "Huyu aliwafungulia mlango watu wa makabila mengine. Wanaume walionyongwa siku ile walikuwa makumi. Yeye alikuwa peke yake."

"Hiyo ni punje gani?" aliuliza Suzana.

"Sijui."

"Mpe kijiwe!"

"Alikamatwa!"

"Alikamatwa lakini hakukimbia kama yule wenu wa Msumbiji!"

"Mwacheni Machemba, bado hata hajatikiswa leo!"

Walikuwa bado wanabishana, watu wazima wamesimama Dodoma na Kigoma wakinyoosheana vidole, wakati Mwalimu Ngosha alipopuliza kipyenga cha mwisho. Umati wote ulikuwa goli la barabarani. Mzee Masalu alidai kwamba watu walimfuata Selina, hivyo ni wake. Wengine walisema ngoma huhesabiwa pale miguu ilipo. Mwalimu Ngosha alimtazama Mwalimu Selina.

"Miguu iko kwake," alisema Mwalimu Selina mwenyewe. "Kanuni ni kanuni."

Jumatatu alihamia darasa la tatu. Alibeba vibuyu vyote sita.

Mutayoba alikuja kuviazima Julai iliyofuata. Alimnyima. Mwaka wa pili alimnyima, akaongeza maneno kuhusu Wahaya. Mwaka wa tatu alimpa vitano.

"Na huyu?" Mutayoba aliuliza, akionyesha cha sita, kilichokuwa juu ya dirisha.

"Huyu haazimwi. Wanaomtaka waje hapa."

Wakaja. Tangu wakati huo kila Julai darasa la saba zima linatoka kwa Mwalimu Mutayoba, linavuka uwanja na kujibana kwenye madawati madogo ya darasa la tatu. Mwalimu Selina hurefusha somo lile kupita muda wake. Huwasimulia habari za Nkomanile, kisha huwapa kibuyu kitupu na kuwauliza watie nini ndani. Wengine hutia kijiwe, wengine hukitoa. Somo likiisha hukimwaga, ili wa mwaka unaofuata waanze upya. Na huwahesabu wanapoingia, kwa sababu Mutayoba akibaki na hata mmoja, atajua.

Nilipohitimu nilimpelekea kurasa nilizotoa nakala maktabani, zote zinazomtaja Nkomanile. Hazikuwa nyingi. Nilimwamkia, akaitikia, akavaa miwani, akazisoma palepale mlangoni mwa darasa, kidole kikifuata mistari. Amebakiza mwaka mmoja kustaafu.

"Hizi anazo?" aliniuliza.

"Nani?"

"Unajua ni nani."

"Hapana, mwalimu. Nimekuletea wewe kwanza."

Alizikunja mara nne, akazitia ndani ya kitenge kiunoni.

"Bado unamwonea wivu Mwalimu Mutayoba?" nilimwuliza.

"Kila siku ya kazi. Jumapili napumzika."

Wakati huo Mutayoba alikuwa amehamishiwa kwa muda chumba cha jirani, na ukuta wa chumba hicho nao haukufika kwenye bati. Nilipokuwa naaga, darasa la saba lilicheka. Mwalimu Selina aliinua kiganja ili ninyamaze, akasikiliza mpaka kicheko kikaisha, kisha akachukua chaki na kuweka alama pembeni ya ubao.